Mkono wa Kulia

Miaka kumi na moja
Moroni, bila kioja:
mbuzi, ukuta, daraja,
sijagonga maishani.

Kazi ikanihamisha,
Mombasa nikaanzisha
nyumba, maisha, na presha
ya foleni ofisini.

Nikatoa kadi yangu,
waridi, yenye ukungu,
mhuri wa mji wangu
umefifia pembeni.

Karani, Bwana Mwandoro,
miwani yenye kasoro,
akaona ni mchoro,
si maandishi kadini.

"Mama, hii Kifaransa!
Ulete tafsiri, pesa,
upimwe upya kabisa
kama mtoto shuleni."

Mji wote ni ubao,
vigari na njia zao;
changu kikarudi kwao,
upande wa kuumeni.

Afisa alivyocheka
hadi chai kumwagika!
"Umeua, bibi! Shuka,
wapeleke Kikowani."

Magari ni viberiti;
Anziza, juu ya kiti,
kawa askari wa dhati:
"Mama, shoto! La, jamani!"

Ya tatu, nikaipata.
Mwandoro hakunisuta;
ya kale akaikata
kwa makasi, ukingoni.

Picha yangu ya ujana
sikio likatengana
na uso; tukaagana,
nikaitia pochini.

Sasa naendesha vema,
Makupa siwi na homa,
macho mbele, macho nyuma,
shoto imo akilini.

Ila wangu wa kulia
mkono hupapasia
palipokuwa na gia,
na kugonga mlangoni.

Ngo! Ngo! kila niwashapo,
hodi kwa nyumba isopo,
nami nimeketi papo
nikisema: "Nani? Nani?"