Mstari wa Kumi na Saba

Igogo, saa nane usiku. Mizani namba tatu
imegoma kutoa risiti, na dereva Bujiku
amekalia kreti tupu, anatafuna karanga
kwa hasira ya mtu ambaye barafu yake inayeyuka.
Sangara kilo mia nane. Nzega hafiki kabla ya jua.

Kwa jina langu naingia bila neno.
Lakini nikitaka kuwa mizani
(ndilo jina la akaunti, herufi ndogo tupu,
mtumiaji asiye na mama)
natoa amri, nataja nywila,
na mlango unafunguka huku ukilalamika:

siwezi kujua nimesimama wapi. Ruhusa imekataliwa.

Nikaisoma mara tatu.
Kuna zamu ambazo hata mimi ningejibu hivyo.

Kosa lilikuwa langu. Nilisahau kistari,
kile kidogo kinachokaa baina ya amri na jina.
Bila kistari unabadilishwa jina tu;
miguu imebaki sebuleni kwako,
na huyo uliyekuwa hana ruhusa
hata ya kuutazama mkeka anaoukanyaga.
Nikatoka. Nikapiga hodi upya, na kistari.

Lalamiko la kwanza likanyamaza. La pili likakaza:
mstari wa kumi na saba, hakuna faili kama hilo.

Basi nilitafute faili la alfajiri,
lile linalosomwa kabla ya yote.
Jina lake huanza na nukta,
na chenye nukta mbele hakionekani
mpaka uombe kuonyeshwa kila kitu.
Nikaomba. Yakaja majina kumi,
mengine nukta mbili, mengine nne, tano:
vidudu vya ziwani, vimefuata mwanga wa skrini
kupitia wavu wa dirisha uliotoboka.
Nikapuliza.
Nukta zilizoweza kuruka zikaruka.

Mstari wa kumi na saba ni mkono wa Lushinge,
namjua kwa nafasi anazozidisha kati ya maneno.
Aliiagiza mashine, kila mizani anapoamka,
ikasome karatasi iliyoko nyumbani kwake Lushinge;
ikiikosa, kazi isianze.
Lushinge yuko Geita siku hizi, kwenye dhahabu.
Akaunti yake tuliifuta Jumatatu, nyumba na vyombo,
na huyu mizani bado anatuma mtoto
akabishe hodi kwenye kiwanja kitupu.

Sikuufuta. Niliuwekea alama ya reli mwanzoni,
na mashine ikifika pale sasa inapita
kama treni kwenye stesheni isiyo na abiria.
Risiti ikaanza kutoka, joto mkononi.

Ndipo nikaikumbuka ile karatasi.
Ilikuwa na maneno manne, niliyaona kila zamu
mpaka nikaacha kuyaona:
kumbuka kutoa uzito wa kreti.

"Bujiku," nikasema, "kreti mmezitoa?"

Taya likasimama. Karanga moja ikadondoka.
"Tangu Jumatatu," akasema polepole,
"hakuna aliyetuambia."

Tukapima upya, kreti moja moja, mpaka saa kumi.
Nikamwandikia mizani maneno yale manne
humohumo kwake, asitegemee nyumba ya mtu.

Kulipopambazuka nikaifuta skrini kwa kanga.
Nukta moja ikabaki.
Nikaiacha.