Piga Viatu

Saa saba kasoro, Ijumaa, jua limekaa utosini,
nimezunguka Kisutu mpaka soli zinanung'unika.
Nimepiga mnara: nyaya za umeme zikaukata
vipande saba, kama muhogo wa kukaanga.
Nimepiga tena, nimechuchumaa:
ghorofa la vioo likaingia bila hodi,
likasimama pichani kama shemeji asiyealikwa.

Nikampiga Taherali, fundi saa,
jicho moja limevimba ndani ya lenzi.
Hakuinua kichwa. "Na mimi nakuona," akasema.
"Ukubwa wako ni sawa na skrubu."

Nikampiga Machano wa kahawa,
au tuseme nilipiga mlio wa vikombe vyake,
maana mkono ulipita upesi,
mkanda ukabaki na mvuke na pembe ya kashata.

Kitumbini, mlangoni mwa msikiti,
Kondo amekalia kreti la soda, anachunga viatu.
Nikainua kamera. Akainua kiganja.
"Mimi hapana. Uso huu unadaiwa mitaa mitatu.
Piga viatu."

Nikapiga viatu.
Makubadhi yamelala sambamba, ya mtu mwenye hesabu zake;
raba za mwanafunzi, kamba zimefungwa pamoja zisiachane;
buti la mlinzi wa benki, limefumbua mdomo, limesinzia;
kandambili, kandambili, kandambili,
na jozi moja buluu kwa kijani, ndoa ya dharura,
mwenyewe ndiyo kwanza anaivua, kachelewa,
pindo la kanzu tu limeingia kona ya juu;
kiatu cha mtoto, cha taa kisiginoni,
kimeguswa na pindo hilo kikawaka,
kikaendelea kuwaka peke yake.
Ndani wakasema Amin.
Ikatoka, ikanipita mabegani, ikavuka barabara.
Bajaji moja ikazima injini,
au ilizimika tu. Sijui.

Ijumaa ya pili nikarudi na picha,
karatasi bado inanuka dawa.
Nikakuta rabsha. Bwana Msellem,
kanzu imenyooka kwa pasi hadi inakata,
kamshika Kondo ukosi:
"Wiki jana nilikuja na viatu vya Italia!
Vyeusi! Nimerudi nyumbani peku! Nilipwe!"
Watu wamejaa. Muuza mishikaki
kaacha nyama iungue kwa ajili ya neno litakalofuata.

Sikusema kitu. Niliipeleka picha kwa Taherali.
Akaitia chini ya jicho lake la chuma,
akaisoma polepole, kama anahesabu meno ya gurudumu.
"Pindo hili lina doa la chai," akasema,
"umbo la kisiwa. Msellem, geuka kidogo."
Akageuka. Kisiwa kilikuwepo.
"Na chini ya pindo, miguuni..."

Buluu kushoto. Kijani kulia.

Mtaa ulicheka mpaka njiwa wakahama kwenye nyaya.
Msellem naye akacheka, mwisho kabisa,
maana angefanyaje.

Picha za mnara zimo kwenye bahasha hadi leo.
Hii ya viatu Kondo aliichukua,
akaitazama akiwa amekalia kreti, muda mrefu,
kisha akaweka kidole chini kabisa, ukingoni,
penye weusi mfupi wa mchana.
"Kumbe ulinipiga."

Nikamwambia ni kivuli tu, nitakikata.

"Kiache," akasema. "Kivuli hakidaiwi."