Banda la Fundi Cherehani

Miaka kumi na tisa nimepima watu:
mabega, kiuno, kimo cha goti,
wapi tumbo litakuja, wapi limeondoka.
Mbao sijawahi kuipima.

Lakini kuku wanne nimeshawanunua Mpondwe,
wamefungwa miguu kwa ukanda wa kitenge,
wananitazama kwa jicho moja moja
kama wateja mkesha wa Krismasi, nguo haijaisha.

Basi Jumamosi nikaifunika cherehani,
nikatoka uani, futikamba shingoni,
chaki sikioni.
Msumeno ni wa Muhindo. Hakutaka fedha.
Alitaka suruali tatu zikunjwe pindo
na haki ya kucheka akiwa upande wake wa ua.

Nikachora juu ya ardhi kama juu ya kitambaa:
mbele, nyuma, ubavu, ubavu,
nikaacha inchi moja ya mshono kila upande,
mpaka sauti ikavuka ua:
"Mama Kabugho, mbao hazina pindo!"
Nikafuta kwa unyayo.

Msumari wa kwanza ulikunjika.
Wa pili ulikunjika pia, nyundo ikamalizia
hasira zake kwenye kidole gumba.
Mkono uliozoea sindano hugonga kwa adabu,
na msumari hautaki adabu.

Sakafu nimeiinua futi mbili,
maana Nyamwamba naujua.
Mwaka ule mto uliingia kwangu bila hodi
ukaondoka na mito yangu yote ya kulalia.

Wavu ndio ulionipa amani.
Wavu ni kitambaa: una mkunjo, una ubishi,
lakini unashoneka.
Nikachukua waya mwembamba, nikaushona kwa mkono
hatua fupi fupi, mshono wa kurudi nyuma,
ule ninaoutia kwenye kwapa la gomesi
mahali pasipotakiwa kuchanika
hata bibi harusi akicheza mpaka alfajiri.
Nguchiro na aje na meno yake.

Jioni banda limesimama.
Limeegemea kidogo upande wa Kongo,
lakini limesimama.
Maranda chini, mti wa kulalia juu,
viota viwili vya boksi la sabuni,
na mlango mzuri wa bawaba,
mlango wa kiasi cha kuku.

Kiasi cha kuku!
Asubuhi nataka kufagia: kichwa kimeingia,
bega moja limeingia, la pili limekataa.
Mimi niliyepima nusu ya maharusi wa Kilembe
sikujipima mwenyewe.
Nimekwama kama uzi mnene
kwenye tundu la sindano,
tembe mwekundu ananidonoa hereni,
na ng'ambo ya ua Muhindo
anaitumia haki yake yote.

Nguo ikibana haitupwi, inaachiwa.
Nikaazima msumeno tena (suruali ya nne),
nikafumua ubavu mzima wa nyuma,
nikautia bawaba uwe unafunguka wote
kama gauni la mama anyonyeshaye.

Wiki tatu nikangoja yai.
Viota vikakaa safi
kama vitanda vya wageni wasiofika.
Kila jioni nachungulia, kila jioni maranda matupu,
na pumba imepanda bei.

Jana nimeinama kutafuta kipande cha bitana
kwenye kikapu chini ya cherehani.
Mkono ukagusa kitu laini, cha vuguvugu,
kimetulia juu ya mabaki ya sare za shule,
rangi ya chai ya maziwa.

Sikusema neno.
Nilikibeba kikapu kama kilivyo, na yai lake,
nikakipitisha kwenye ule ubavu mpana
nikakiweka pembeni, palipo na kivuli.
Tembe mwekundu alinifuata kisigino kwa kisigino
akilalamika njia nzima,
akitaka kujua ni nani aliyenipa ruhusa
ya kuhamisha chumba chake.