Unga wa Ngisi

Bi Shani, mkia wako umekonda.
Nimekuinua mbele ya taa: tumboni, chini ya ngozi,
mayai mawili meupe kama vidonge.
Siku ya nne unafukua mchanga, hutagi.

Dume nimemhamishia kwenye ndoo.
Akae huko. Umetaga mara tatu tangu masika,
naye bado anakutikisia mkia.

Jana nilishuka Feri, samaki sikununua.
Niliomba mfupa wa ngisi.
“Wa kasuku?” Nikaitikia.
Ningeanzaje kumweleza mtu kwamba nyumbani Tabata
nafuga mjusi, na namwonea huruma?
Nikausaga kwenye kinu cha iliki,
panzi wako wakageuka weupe kama visheti.

Saa mbili umeme ukakatika.
Nilijaza chupa maji ya moto, nikaivika soksi,
nikailaza ubavuni mwako.
Dada Mwanahawa, mimba miezi minane,
akasimama mlangoni na kidonge chake cha damu,
kile anachokificha chini ya mto.
“Na huyo anameza?”
“Analamba.”
Akameza chake, bila maji.

Alfajiri mchanga umefukiwa.
Yai moja, gumu.
La pili naliona bado.
Natia maji jikoni tena.