Magurudumu Yote

Litafute mwishoni mwa kamusi, karibu na jalada:
wizadi.
Lilizaliwa na busara, ndivyo ilivyoandikwa,
kisha likafungwa mkia,
mkia ule ule Waingereza waliomfunga mlevi na mwoga.
Mjuzi, basi, lakini wa kuchekwa.

Baadaye hawakucheka.
Juu ya mji wa Colne kuna kilima kisichovua ukungu;
watu wa huko walipandishwa kitanzini
kwa neno hili na dada yake,
na shahidi alikuwa ng'ombe aliyekauka maziwa.

Siku hizi ni sifa.
Whittam azibaye mabomba ni wizadi.
Kijana wa akina Hartley, mezani pa biliadi, wizadi.
Na huyu hapa, kofia ya karatasi, nyota tatu za gundi,
wizadi wa miaka sita, kamasi zikimtoka.

Bi Winifred Ormerod ameingia maktaba
mwavuli ukidondoka juu ya zulia letu.
Barua, anasema. Vidole havishiki tena kalamu.
Namwashia kompyuta; linachomoza sanduku la kijivu:
*Mimi ni Wizadi wa Barua. Nitakuongoza hatua kwa hatua.*

"Wewe?" anaiambia.
"Reg wangu alilisema neno hilo kwa yai lililoiva vizuri."
Alikuwa rubani, vita vile; wote walisema hivyo.
Chai yenye sukari: wizadi!
Ndege kurudi na magurudumu yote: wizadi!

Sikumwambia kwamba kwetu
mtu akiitwa hivyo hugombana na jirani hadi kaburini,
ila mshambuliaji, akifunga dakika ya tisini,
tunamwita mchawi na kumbeba mabegani.

Sanduku linauliza: barua ya aina gani?
Malalamiko. Ombi la kazi. Pongezi.
Anashuka orodha kwa kidole, anapanda tena.
Yake haimo.

Mchawi mpe mwana kulea.
Akabonyeza Pongezi,
na mashine ikaandika yenyewe, kwa herufi nene:
*Hongera!*

Nikanyoosha mkono nifute. Akaushika.
"Iache kwanza."

Kisha, herufi moja, pumzi, herufi nyingine:
*Mpendwa Clifford,
Reg ametua Jumanne, alfajiri, kitandani kwake.
Magurudumu yote.*