Vua Viatu

Nilizaliwa nalo, juu kidogo ya mdomo,
jeusi kama mbegu ya papai iliyosahauliwa shavuni.
Kila aliyeninunulia soda pale stendi ya Newala
alisema nalo kwanza, kisha ndipo na mimi.

Msimu huu nikasema: linaondoka.
Pesa ya korosho, kilo mia na arobaini,
nikaifunga pindoni mwa kanga, nikaanza kuuliza.

Shangazi Nambunga hata hakungoja nimalize.
Aliokota ganda bichi, akalikamua kwa gumba:
"Tone moja tu. Haya yanakula mpaka chuma."
Nayajua, shangazi. Nimebangua misimu tisa.
Siku ya kusajili laini ya simu
niliweka kidole, mashine ikanikana;
nikaweka cha pili, ikanikana;
vyote kumi vimeliwa mistari yake.
Mafuta hayo hayo niyapeleke mdomoni?

Jirani yangu Somoe akaja na uzi mweusi:
"Funga shinani, kaza kila Ijumaa,
litanyauka kama kitovu cha mtoto."
Langu halina shina, Somoe.
Limelala bapa, kama mgeni aliyekwisha kula.

Gulioni Kitangari kulikuwa na mtu na kipaza sauti
na kopo lisilo na jina:
latoa sunzua, latoa mawaa, latoa madeni.
Nililinusa. Maji ya betri.

Bibi mzaa mama, mwenye nembo usoni tangu usichana,
pembe juu ya pembe, kisu na masizi,
alicheka hadi akakohoa:
"Sisi tulilia siku tatu tupate weusi huu.
Wewe umepewa bure, walipa urudishe?"

Nikaenda hospitali.
Dokta Chilumba, binti mdogo kuliko mimi,
alivaa glovu, akawasha tochi ya simu,
akanieleza bila haraka, kama anayehesabu chenji:
kuna kukata na kushona, nyuzi mbili, wiki moja;
kuna kukwangua kwa wembe, ila laweza kurudi;
kuna umeme wa kuunguza; kuna miale, hiyo mpaka Dar es Salaam;
na ngozi yetu ina kiburi chake,
kovu likivimba laweza kulipita hilo ulilolitoa.
"Limebadilika? Lawasha? Limewahi kutoa damu?"
Hapana. Hapana. Hapana.
"Basi hili ni pambo. Uamuzi ni wako."

Nikaanza kufungua pindo.

"Subiri," akasema. "Vua viatu."

Nikacheka. Nani hutazama nyayo zake?
Zangu ni za kukanyagia mabibo na udongo mwekundu.
Kisiginoni, upande wa ndani, palikuwa na doa
nililodhani ni utomvu ulioganda.
Nimelisugua kwa jiwe tangu masika.
Kingo zimechanikachanika kama kanga kuukuu;
wino umevuka mpaka.
Alilipima kwa rula ya shule,
akalipima tena.
Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa bado nacheka.

Walilikata Jumanne. Pindo likabaki tupu.
Kipande, kidogo kuliko korosho ya daraja la pili,
kikatiwa kichupani, kikaandikwa Fatu Namkopi,
kikapanda basi. Mimi sijawahi kufika huko kilikokwenda.

Majibu ni wiki tatu. Leo ya pili.
Nimekaa, mguu juu ya kigoda.
Uzi mweusi wa Somoe umeshonea gunia.
Shangazi ameniletea uji, hasemi kitu kuhusu maganda.
Kiooni lile la mdomoni lipo pale pale.
Miaka thelathini na moja nalinyooshea kidole,
na kumbe halikuwa na neno na mtu.

Wageni wakibisha hodi sasa,
huujulia hali mguu kwanza,
kisha ndipo mimi.