Rudia

Walikuja watatu na masanduku meusi,
wakasogeza kochi, wakaondoa kalenda ya chama ukutani
kwa sababu ilikuwa inamulika.
Kalenda ile ndiyo niliyokuwa nimeishikilia kwa macho.
Sikusema.
Mwenye kamera, Ogola, rika la mwanangu,
akaniambia: Mama Vihenda, ingia langoni kama kawaida.
Nikaingia kama kawaida.
Akasema: Rudia.

Rudia!
Neno ambalo nyumba hii ililizika tangu Machi.
Humu nikirudia, sahani hutua mezani kwa kishindo,
Vihenda huvuta pumzi kwanza, ndipo aseme,
"Mama, umeshauliza."
Nimeshauliza. Basi jibu limekwenda wapi?
Si mimi niliyelitupa.

Nikatoka, nikaingia, nikatoka.
Njia yetu ya Section 58 ilikuwa ile ile,
vumbi lile lile la Nakuru kwenye majani ya ua,
muuza maziwa kasimamisha baiskeli anatushangaa.
Mara ya tatu nilipofika nje
sikujua nimetoka kufuata nini.
Nikasimama, mkono kwenye komeo.
Ogola akasema: Hapo hapo! Safi sana, mama.

Waliniuliza ilianza lini.
Dukani, nikasema.
Miaka kumi na tisa niliuza dawa za mifugo karibu na soko la Wakulima,
vipimo vyote kichwani:
ya minyoo, kwa uzito wa mbuzi;
ya kideri, tone moja, jichoni.
Siku hiyo mzee Tanui wa Njoro alitaka dawa ya vifaranga,
nikampimia ya fahali.
Aliirudisha chupa polepole juu ya kaunta,
akaniuliza kama nimelala vizuri.

Nina miaka hamsini na mmoja.
Daktari alitafuta kwanza ukomo wa hedhi,
kisha malaria, kisha huzuni, kisha madeni.
Kanisani walimtafuta jirani.
Mashine ya Eldoret ndiyo iliyokoma kutafuta.

Kisha wakamgeukia Mudave.
Chelagat, binti wa vinasa sauti,
akambandika kidubwasha kwenye ukosi wa shati.
Mlikutana wapi?
Akajibu kama mtu anayejaza fomu:
Hapa Nakuru, stendi, mwaka wa tisini na saba.
Pikipiki ikapita. Chelagat akatikisa kichwa. Rudia.
Hapa Nakuru, stendi. Mvua ilikuwa inanyesha.
Jogoo wa jirani. Rudia.

Mara ya tatu Mudave hakuanza.
Alitazama viganja vyake.
Akasema: Alikuwa ametoka Chavakali na kuku wawili wa mamake,
mmoja anatetemeka.
Akavua kitambaa chake cha kichwani akamfunika kuku.
Yeye akalowa, kuku hakulowa.
Nikajiambia, siku nikiugua
niugulie mikononi mwa huyu.

Sikuwa najua. Au nilijua.
Hata yeye, nadhani, alikuwa hajui kwamba bado analo,
maana nani huulizwa mara tatu
na asubiriwe?

Walipoondoka kochi lilirudi mahali pake,
kalenda wakaitundika kwenye mwezi usio wake.
Tulikula. Nadhani tulikula, sufuria zilikuwa zimelowekwa.
Kitandani nikamgusa bega:
Baba Vihenda, tulikutana wapi?

Nikaisikia ile pumzi ikivutwa.
Nikangoja sahani, lakini chumbani hamna sahani.
Akazima taa.
"Mvua ilikuwa inanyesha," akasema,
"na wewe ulikuwa na kuku wawili."

"Wa rangi gani?"

Akanyamaza, akafikiri muda mrefu gizani.
Hilo hata watu wa kamera hawakumwuliza.